Somo Lile na Somo Yule: Mafundisho ya Unyumba na Afya katika Shule za Msingi za Mpakani Tunduma

Neno somo lina maana kadhaa katika Kiswahili, na mbili kati yake zahusika hapa. Hazitofautishwi kwa matamshi bali kwa sarufi. Somo lile ni jambo lisomwalo au lifundishwalo, na wingi wake ni masomo. Somo yule ni mtu: ni mwanamke mzima aliyekabidhiwa mwari ili amfundishe habari za mwili wake, usafi, heshima na unyumba, akawa msiri wake tangu siku hiyo mpaka uzeeni. Watu wa Mrima walimjua vizuri huyu wa pili. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika habari za desturi za Waswahili zilizotolewa na Carl Velten mwaka wa 1903, alieleza unyago na kazi ya wale waliowafunda wari. Kwa watu wa wakati wake halikuwa jambo la ajabu kwamba mafundisho hayo yalikuwa na mwalimu wake, mahali pake, msimu wake na lugha yake.

Shule ya msingi imelichukua somo lile. Somo yule haikumchukua. Mambo yaliyotokea baadaye, pamoja na mabishano juu ya jina la mafundisho hayo na adhabu walizopewa wasichana, yafahamika vizuri zaidi mtu akianzia hapo. Na yaonekana wazi hasa mahali ambapo Kiswahili chenyewe kilikuja kikiwa lugha ya pili, mathalani Tunduma na nchi inayouzunguka mji huo.

Tunduma ni mji wa mpakani, kusini-magharibi mwa Tanzania, na ng'ambo yake ni Nakonde ya Zambia. Mkoa wa Songwe ulitengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka wa 2016, makao yake yakiwa Vwawa. Mkoa ni mpya, lakini wenyeji wake ni wa zamani, na lugha zao ni nyingi: Kinyiha katika uwanda wa Mbozi, Kinyamwanga katika Tunduma na Momba, Kindali na Kilambya katika Ileje, Kiwanda upande wa Kamsamba, Kibungu karibu na Ziwa Rukwa. Mpaka uliokatwa na Waingereza na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 uliwagawa Wanyamwanga, hata koo zao zikawa pande zote mbili. Kiswahili kilifika huku kwa misafara, kisha kwa serikali, na mwishowe kwa shule, ambayo ndiyo iliyokipeleka katika kinywa cha kila mtoto.

Ushahidi bora wa mafundisho ya zamani katika pembe hii umetoka kwa majirani. Godfrey Wilson na mkewe Monica waliishi Unyakyusa kati ya miaka ya 1934 na 1938, na Wandali wa Ileje ni ndugu wa karibu wa Wanyakyusa kwa lugha na kwa desturi. Waliandika kwamba mtoto wa kiume alipofikia umri wa miaka kama 10 aliacha kulala nyumbani kwa baba yake, akaenda kujenga vibanda na wenzake wa rika moja, na kijiji cha rika hilo kikakua pamoja nao. Sababu waliyoitoa wazee ilikuwa kwamba si adabu mtoto kuyajua ya usiku ya wazazi wake. Mke wa mwana naye alimwepuka baba mkwe: hakumtazama wala hakulitaja jina lake, na hata maneno yaliyofanana na jina hilo aliyaacha akatumia mengine. Chini ya desturi hizo zote palikuwa na kanuni moja, kwamba mzazi na mwanawe hawasemezani habari za unyumba. Kazi ya kuzisema ilipewa watu wengine: bibi, shangazi, wanawake wazima wa jirani, na wenzi wa rika.

Upande wa pili wa mpaka, katika nchi ya Wabemba, Audrey Richards alihudhuria mwaka wa 1931 sherehe ya kuwafunda wasichana iitwayo chisungu, na mwaka wa 1956 akaitolea kitabu. Kwa siku zaidi ya 20 alitazama nyimbo, michezo na vinyago vya udongo viitwavyo mbusa, kila kimoja kikiwa na wimbo wake. Alipouliza wari hufundishwa nini, aliambiwa kwamba wanaerevushwa. Lakini aliona mwenyewe kwamba kupika, kulima, na hata mambo ya mume na mke, wasichana walikuwa wakiyajua kabla ya kuingia. Habari mpya zilikuwa chache. Walichopewa ni maneno ya siri ya wanawake wazima, haki ya kuyasema, na watu wa kuyasema nao. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana, maana laonyesha kwamba mafundisho hayo yalikuwa kwanza mafundisho ya lugha.

Wanyiha si Wanyakyusa, na Wanyamwanga si Wabemba. Haifai kuchukua sherehe ya kabila moja kulivika kabila jingine. Kanuni ya kumtenga mzazi na mafundisho hayo, hata hivyo, ilienea mno katika nchi hizi, na yajulikana hata pwani. Wala si haki kuyapamba mambo ya kale kupita kiasi. Msichana aliyefundwa alifundwa ili aolewe, mara nyingi akiwa bado mdogo, na sehemu kubwa ya aliyofundishwa ilikuwa namna ya kumtii mume. Somo yule alikuwa msiri wa mwari, lakini alikuwa pia mlinzi wa utaratibu uliompa mwari nafasi ndogo ya kuchagua.

Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka wa 1891, na mwaka wa 1899 wakafungua kituo cha Mbozi kwa Wanyiha. Mkuu wa kituo hicho alikuwa Traugott Bachmann, aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kinyiha, na aliyeondoka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Alianza kama wenzake wengi, kwa kukataza. Baadaye alibadilika, akaona kwamba mengi aliyoyaita upagani yalikuwa nguzo za maisha ya watu, na kwamba Wakristo Wanyiha wenyewe wapaswa kupima lipi liachwe na lipi libaki. Hata hivyo darasa lilibaki darasa: kusoma, kuandika, hesabu, Maandiko. Mtoto aliyekaa kituoni alikuwa mbali na bibi yake saa zile zile ambazo zamani angekuwa miguuni pake.

Njia nyingine ilikuwako, na ilijaribiwa. Huko Masasi, kusini-mashariki mwa nchi, Vincent Lucas wa misheni ya UMCA, aliyekuja kuwa askofu mwaka wa 1926, aliichukua jando akaiweka mikononi mwa kanisa: padri akawa pamoja na wazee, sala zikaingia, na baadhi ya mambo yakaondolewa. Baadaye jitihada kama hiyo ilifanywa kwa wasichana. Jambo hilo lilibishaniwa sana na wamisionari wengine. Kusini-magharibi halikuwa rahisi kuigwa, maana Wanyakyusa na jirani zao hawakuwa na jando ya kubatizwa. Mafundisho yao yalikuwa ya nyumbani na ya rika, hayakuwa na uwanja mmoja wa kuingiwa na padri. Kwa sababu hiyo, huku hayakukatazwa kwa kelele wala hayakuchukuliwa na kanisa. Yalipunguka tu.

Tume ya Phelps-Stokes, ambayo James Aggrey alikuwa mmoja wa wajumbe wake, ilipita Afrika ya Mashariki mwaka wa 1924, ikashauri kwamba elimu ya Mwafrika isimame juu ya mambo manne: afya, mazingira, nyumba na burudani. Mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikatoa maelezo ya siasa yake ya elimu, ikitaka shule ifuate hali na mapokeo ya wenyeji. Mtu aliyeyasoma maneno hayo angalitazamia kwamba mafundisho ya unyumba yangepata nafasi, maana yapo katika afya, yapo katika nyumba, na ni mapokeo. Haikuwa hivyo. Somo la afya lililoingia katika shule za Tanganyika lilikuwa la choo, meno, kucha, mbu na maji ya kuchemsha. Yote hayo yalikuwa na faida kubwa. Lakini mwili wa mtoto katika somo hilo ulikuwa na kichwa, mikono, tumbo na miguu, na kati ya tumbo na miguu palikuwa pamerukwa.

Uhuru ulipokuja, jambo hilo halikubadilika upesi. Chama kilichokuja kuitwa UMATI kilianzishwa mwaka wa 1959, lakini kazi yake ya uzazi wa mpango ilikuwa kwa watu wazima. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka wa 1967 iliipeleka shule shambani na kijijini, na bado haikuuliza msichana wa darasa la saba anayajua wapi mambo ya mwili wake. Swali hilo lilizidi kuwa zito baada ya Azimio la Musoma la mwaka wa 1974, lililotaka watoto wote wa umri wa kusoma waingie shule ifikapo mwaka wa 1977. Wengi waliandikishwa wakiwa wamechelewa, hata walipofika darasa la saba walikuwa na miaka 15 au zaidi. Kwa hesabu ya bibi zao hao walikuwa wari. Kwa hesabu ya shule walikuwa watoto.

Miaka hiyo hiyo Tunduma iligeuka. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilijengwa, na reli ya TAZARA ikajengwa kati ya 1970 na 1975, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Malori yalisimama mpakani siku nyingi yakingoja karatasi, na penye malori hapakosi nyumba za wageni, mama lishe, wabadilisha fedha na wasichana wa kutumwa. Kituo cha pamoja cha forodha, kilichokusudiwa kuufupisha muda huo wa kungoja, kilifunguliwa mwaka wa 2019. Kwa sensa ya mwaka wa 2022 mji ulikuwa na watu zaidi ya 200,000. Mtoto wa shule aliyeuza karanga au maji kando ya foleni ya malori alifundwa na foleni ile, kwa lugha yake ile, bila ya kumngoja mtu.

Ugonjwa wa UKIMWI ulitambuliwa Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka wa 1983, mkoani Kagera, ambako watu waliuita Juliana kwa jina la mashati ya magendo yaliyovuka kutoka Uganda. Mpango wa taifa wa kuudhibiti ulianzishwa mwaka wa 1988. Katika Mkoa wa Mbeya, uliokuwa bado na Tunduma ndani yake, vipimo vya katikati ya miaka ya 1990 vilionyesha kwamba karibu mama mjamzito mmoja katika kila watano alikuwa na maambukizo. Kisha hesabu hiyo ikaanza kushuka. Wataalamu wa lugha waliunda jina kwa herufi za Upungufu wa Kinga Mwilini, na jina hilo likashika. Mitaani yalizaliwa mengine: ngoma, mdudu, umeme, na aliyeambukizwa akasemwa kuwa amekanyaga miwaya. Vijana wakazichukua hata herufi za jina la Kiingereza, AIDS, wakazigeuza kuwa Acha Iniue Dogodogo Siachi. Palipokosekana mtu mwenye haki ya kuwapa vijana maneno, vijana walijiundia.

Ndipo shule ilipofunguliwa mlango, na ilifunguliwa na kifo. Hilo liliacha alama. Somo halikuanza kwa kuvunja ungo, kwa hedhi, kwa urafiki wala kwa ndoa. Lilianza kwa virusi. Katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro programu iitwayo Ngao ilifundishwa kwa darasa la sita na la saba mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikaonyesha kwamba watoto waliofundishwa walijua zaidi na walizungumza zaidi habari za ugonjwa huo. Jaribio kubwa kuliko yote lilikuwa MEMA kwa Vijana, mkoani Mwanza, kuanzia mwaka wa 1999. Jamii 20 ziligawanywa nusu kwa nusu: 10 zilipata programu, 10 hazikuipata. Walimu wa darasa la tano hadi la saba walifundisha vipindi kama 12 kwa mwaka, wakisaidiwa na wanafunzi waliochaguliwa na wenzao kuigiza michezo mifupi, na zahanati za jirani zikaandaliwa kuwapokea vijana. Matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 2007 yaliwakata watu maneno. Maarifa yaliongezeka, na misimamo ilibadilika. Lakini maambukizo na mimba hazikupungua kwa namna ya kuaminika, na uchunguzi uliofanywa miaka ya baadaye ulileta jibu lile lile.

Wapo waliosema, basi, kwamba kufundisha hakufai kitu. Hukumu hiyo ni ya haraka. Watafiti wa Mwanza walieleza pia hali ya darasa lenyewe: mwalimu aliyetakiwa aaminiwe na mtoto katika kipindi cha afya ndiye aliyeshika fimbo katika kipindi kilichotangulia, na baadhi ya walimu walikuwa wenyewe hatari kwa wanafunzi wao wa kike. Mafundisho yalikuwa ya kweli, ila mfundishaji hakuwa msiri. Yaliyoandikwa Bembani mwaka wa 1931 na yaliyopimwa Mwanza miaka 70 baadaye yakutana hapo, ijapokuwa waandishi wake hawakuwa na nia moja.

Katika darasa la Tunduma kuna jambo jingine, la lugha. Maneno ya kitabu ni Kiswahili sanifu: via vya uzazi, kubalehe, hedhi, kujamiiana. Mengi katika hayo yana asili ya Kiarabu, na katika masikio ya mtoto aliyelelewa kwa Kinyamwanga hayaumi. Mwalimu aweza kuyatamka mbele ya watoto 80 bila ya kuinamisha uso, jambo ambalo pengine asingeliweza kwa lugha ya mama yake. Hiyo ni faida kubwa ya Kiswahili, na haisemwi vya kutosha. Hasara yake ni kwamba neno lisiloona haya halina uzito pia. Kuvunja ungo ni msemo wenye nyumba, vyombo na wanawake ndani yake. Kubalehe ni kufikia tu, kama afikavyo mtu kituoni. Mtoto hulijibu neno hilo vizuri katika mtihani, kisha hurudi nyumbani akakuta kwamba halina mtu wa kusemwa naye.

Jina la mafundisho yenyewe limekuwa likihama. Kwanza liliitwa elimu ya jinsia. Lakini harakati za wanawake, hasa tangu Mtandao wa Jinsia Tanzania ulipoundwa mwaka wa 1993, ziliipa jinsia maana ya nafasi ya mwanamke na mwanamume katika jamii. Ikabidi jinsi ibaki kwa tofauti ya mwili, na ujinsia uundwe kwa mambo ya mapenzi na tamaa. Wazazi wengi hawakuzifuata tofauti hizo, nao hawalaumiki. Wizara na mashirika wakapendelea afya ya uzazi, kisha stadi za maisha, majina yasiyomshtua mtu. Tafsida ni sehemu ya adabu ya Kiswahili, na mwenye kuipinga hapingi kitu kidogo. Hata hivyo tafsida ya somo yule ilikuwa pazia ambalo mwari alikaribishwa nyuma yake. Tafsida ya mtaala ni pazia lisilo na chumba: stadi za maisha yaweza kuwa kushona kifungo, na mwalimu mwenye haya ataanza na kifungo.

Wakati majina yakihama, adhabu ilisimama pale pale. Msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, desturi iliyotangulia sheria nyingi. Kanuni za mwaka wa 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili au kwa kuingia katika ndoa, na mimba ikahesabiwa humo. Wakati huo huo Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, mpaka Mahakama Kuu ilipoamua mwaka wa 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo mwaka wa 2019. Mwaka huo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, ikaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Mwezi wa Juni 2017 Rais John Magufuli alitangaza mkoani Pwani kwamba aliyezaa hatarudi katika shule za serikali. Tarehe 24 Novemba 2021, katika serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan, Waziri Joyce Ndalichako alitangaza kwamba atarudi.

Ng'ambo ya barabara mambo yalikwenda kwa saa nyingine. Zambia iliruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni tangu mwaka wa 1997, na mwaka wa 2014 ikaanza kufundisha elimu ya ujinsia kuanzia darasa la tano. Mwaka wa 2020 mafundisho hayo yalizusha ubishi mkali huko. Kwa miaka 24, basi, wasichana wawili wa ukoo mmoja wa Kinyamwanga, mmoja akisoma Nakonde na mwingine Tunduma, waliopata mimba mwaka mmoja, walikuwa na hatima mbili: mmoja alirudi darasani na mwingine hakurudi. Bibi yao angeweza kuwa yule yule. Lugha waliyosemezana siku ya soko ilikuwa moja, na kilichowatenga ni waraka wa wizara.

Waraka wa Elimu wa mwaka wa 2021 umelisawazisha hilo kwa upande wa kurudi. Msichana arudipo sasa hukuta shuleni mwalimu aitwaye mlezi au mnasihi, cheo ambacho kwa jina ndicho kilicho karibu zaidi na somo yule. Aghalabu mwalimu huyo ana vipindi vyake vya hesabu au vya sayansi kama wenzake. Hufanya unasihi saa za mapumziko, katika chumba cha walimu, wenziwe wakipita.